Dell Wyse 5070 ya mitumba, usilipe kabla hujaifungua

Nina cyber ndogo huku Kayole, Nairobi, na stima ilikuwa inanimaliza, zile desktop kubwa za ex-UK zinakula token kama hazina mwenyewe na feni zinalia siku nzima. Ndio nikaanza kutafuta hizi Dell Wyse 5070, teminali ambazo maofisi ya ng'ambo yalikuwa yanatumia kuingia kwa seva, zikitolewa zinakuja huku wauzaji wanaziita mini pisi. Haina feni hata moja, prosesa yake Celeron J4105 ni ya wati 10 tu, na Windows 11 inaikubali, hiyo ndio ilinivuta sana juu desktop zangu zimekwama na Windows 10 ambayo Microsoft iliacha kuishughulikia Oktoba 2025.

Duka la kwanza Luthuli sitalitaja. Kijana akachomeka, taa ikawaka, akaniambia madam iko fiti si unaona taa. Nikamwambia kijana wangu taa si kompyuta, niletee monita. Monita yake ni ya VGA, ule waya wa kizamani, na hii mashini inatoa DisplayPort peke yake, tundu la monita la kisasa, hata HDMI haina, tukangoja nusu saa akiazima adapta kwa jirani. Ilipowaka nikagonga F2 niingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows, ikaitisha paswadi. Wyse hutoka kiwandani na paswadi moja, Fireport, F kubwa. Nikaandika ikakataa, nikarudia herufi moja moja na yeye ameinama anaangalia, ikakataa tena. Hapo ujue kampuni iliyokuwa nayo iliweka yake, na kama huwezi kuingia BIOS huwezi kuiambia iwake na flash, utawekaje Windows? Akasema fundi atafungua kesho, nilipe tu kwanza. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Duka la pili liko Moi Avenue, orofa ya pili, na huyo kaka nampa heko kabisa. Kabla hata sijaomba alikuwa ameshatoa kifuniko. Ndani nikaona nafasi mbili za ram, moja iko na DDR4 ya GB 4 na nyingine wazi, na mahali pa SSD, ile diski ya kuhifadhi vitu, hakuna kitu. Hapa ndio watu wanalia wakifika nyumbani, unaambiwa storeji iko kumbe ni ile storeji ndogo ya eMMC ya GB 16 imechomelewa kwa bodi na Windows 11 inataka angalau 64. Na usikimbilie kununua SSD yoyote ya M.2, zile nyembamba kama kijiti, ziko aina mbili na hii inasoma ya SATA tu, ya NVMe haitaiona. Ukiishika mkononi angalia yale meno ya dhahabu, ya SATA mara nyingi yamekatwa mapengo mawili, NVMe pengo moja.

BIOS iliingia bila shida ila tarehe ilikuwa Januari 2018, betri ya saa imekufa. Ni ile bapa ya CR2032, akabadilisha hapo hapo bure. Msione ni kitu kidogo, tarehe ikiwa mbaya brauza inakataa kufungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mteja anafikiri intaneti yako ni mbovu. Nikapitisha flash kila tundu la USB, nikachomeka kebo ya intaneti, nikaiacha ikicheza video dakika arobaini nikiwekea mkono juu, ilipata joto la kawaida tu.

Alianza na 9,500 tukamaliza 8,000 pamoja na adapta yake ya stima ya volti 19.5. SSD na ram ya pili nilijinunulia. Ikiwa na GB 4 ilikuwa inakwama mteja akifungua iTax, tovuti ya kodi, na Word pamoja, na 8 inaenda poa, lakini mtu wa gemu asijisumbue nayo. Sasa hivi mteja anapiga simu akiwa ameketi, kelele hakuna. Mwisho wa mwezi narudi kwa huyo kaka kuchukua mbili zingine, na adapta ya DisplayPort nabeba yangu.