Matangazo ya Ziara ya Kikapu Italia, Yalivyotufikia Malindi

Mimi na mabinti ninaowafundisha mpira wa kikapu hapa Malindi tulilipia matangazo mubashara ya mechi za kirafiki ambazo timu ya wanawake ya chuo kimoja cha Marekani ilicheza Italia kabla ya msimu, na huduma hiyo ilistahili bei yake. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, imeviruhusu vyuo kufanya ziara ya namna hii mara moja tu katika miaka minne, pamoja na siku 10 za mazoezi ya ziada kabla ya safari, hivyo makocha huwachezesha hata wanafunzi wapya, na kwetu hilo ndilo lenye faida kubwa. Picha ilikuwa safi kiasi cha kutuwezesha kumwona mlinzi mmoja akiharakisha pasi huku akitupia macho saa, kwa kuwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zilimpa sekunde 24 za kushambulia badala ya 30 alizozoea. Utangazaji wa Kiitaliano haukutusumbua, kwani lugha hiyo ina wenyewe mjini humu. Kilichoniudhi ni alama kutoweka kwenye skrini katika robo ya mwisho, kasoro ambayo mtoa huduma anapaswa kuirekebisha haraka.