Vitu Tulivyonunua Mwaka Huu: Vinavyofunguka na Visivyofunguka

Kabla sijalipia kifaa chochote, nakigeuza chini juu natafuta skrubu. Nikiziona, naendelea kuuliza bei. Nikikuta kimegundishwa pande zote, nakirudisha rafuni hata kama kinapendeza namna gani. Kuna muuzaji aliniuliza kama mimi ni fundi. Hapana, mimi ni mama wa watoto wawili, nina nyumba ambayo koki zake zimechoka, mume anayependa kulala nje chini ya nyota, na mama mkwe ambaye mwaka huu tulipanda naye ndege kwenda mbali. Vitu vya familia kama hii hutumika sana, na vinavyotumika sana huharibika. Ninachotaka kujua mapema ni kama siku kikiharibika nitaweza kukifungua, nitoe kilichokufa, niweke kingine.

Kwa kipimo hicho nawaeleza vifaa vilivyotupitia mikononi mwaka huu, vya kukarabati nyumba, vya matembezi na vya safari. Chapa sitaji, maana jina moja huweza kuuza kitu kizuri na kitu kibovu kwenye rafu ileile. Nitawaambia pa kutazama.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni drili ya betri. Tuliyokuwa nayo zamani betri yake ilikuwa ndani ya mwili wa mashine. Ilipokufa betri, mashine nzima ikawa taka, na mota yake bado ilikuwa nzima kabisa. Hii mpya betri yake inachomoka, na betri hiyohiyo inaingia kwenye msumeno na taa ya kazi vya kampuni hiyo. Kwa hiyo unaponunua drili ya kwanza unachagua ukoo wa betri utakaokaa nao miaka mingi. Ulizeni kwanza kama betri ya ziada inauzwa peke yake, na kama inapatikana leo, si “itakuja.” Namba zilizoandikwa ubavuni nazo zisiwababaishe. Betri ya volti 18 ina seli tano za lithiamu za volti 3.6 kila moja. Seli hizo zikitoka tu kwenye chaja kila moja huwa na zaidi kidogo ya volti 4, ndiyo maana kampuni nyingine huandika 20 kwenye betri ya aina ileile. Nguvu haijaongezeka.

Tuliongeza pesa kidogo tupate mota isiyo na brashi. Mota ya kawaida ina vipande viwili vya kaboni, ndivyo vinavyoitwa brashi, vinavyosuguana na sehemu inayozunguka, na vinaisha taratibu. Hilo peke yake si tatizo kwangu, ilimradi mashine iwe na vifuniko viwili vidogo ubavuni unavyovifungua kwa bisibisi ukabadilisha kaboni. Mashine za bei ya chini mara nyingi hazina vifuniko hivyo. Kati ya mota ya brashi iliyofungwa na ile isiyo na brashi kabisa, chukueni isiyo na brashi.

Kazi iliyonifanya niipende drili hii ni rafu ya bafuni. Ukuta wa vigae humtisha kila mtu, kwa sababu kigae kikipasuka hakirudi. Siri yake ni kuzima kitufe cha kugonga, kile chenye alama ya nyundo, kwa sababu kugonga ndiko kunakopasua kigae. Unabandika tepu ya karatasi mahali pa tundu ili ncha isiteleze, unatumia ncha ya almasi au ile yenye umbo la mkuki, unaenda mwendo wa polepole huku mtu anadondoshea maji kidogo. Binti yangu ndiye aliyekuwa na chupa ya maji. Kigae kikishapita na ncha ikafika kwenye saruji, hapo unabadilisha ncha, unawasha kugonga na kumalizia. Rafu ipo, inabeba kila kitu, na hakuna kigae hata kimoja chenye ufa. Pete yenye namba iliyo nyuma ya kichwa cha drili nayo msiiache bila kuitumia: ukiiweka namba ndogo, mashine inaacha kukaza yenyewe kabla skrubu haijazama mno kwenye mbao. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukaza bawaba za kabati kwa namna hiyo akiwa na mtu mzima pembeni, na wetu alizikaza zote.

Koki ya jikoni ilikuwa inadondosha usiku kucha. Koki za mkono mmoja ndani yake zina katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Mchanga mdogo ukiingia katikati unakwaruza kauri na maji yanapata njia. Nyingi hutumia katriji ya milimita 35 au 40, na ukienda dukani na ile ya zamani mkononi unapata inayolingana. Unafunga maji ya nyumba nzima, unang’oa kile kidude chekundu na buluu, ndani kuna skrubu ya alenkii (ufunguo wa pembe sita), unatoa mkono, unafungua kofia, katriji inatoka. Kabla ya kuweka mpya, fungua maji kidogo tu kwa uangalifu, yasukume uchafu uliobaki, vinginevyo mchanga uleule utaila na mpya. Koki hii naipa alama zote, na ni ya zamani kuliko watoto wangu.

Koki ya bafuni ndiyo iliyoniudhi. Ilinunuliwa mpya, inang’aa, na katriji yake ni ya umbo ambalo halilingani na lolote sokoni. Nilipouliza, duka lililoiuza liliniambia ninunue koki nyingine nzima. Kifaa cha shaba kizito namna ile, kizima, kitupwe kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani! Sikubaliani na biashara ya namna hiyo hata kidogo. Kabla ya kununua koki, mwambieni muuzaji awaonyeshe katriji yake ya akiba. Kama hana, muulizeni nani anayo.

Kwenye silikoni, ile ya kuzibia mianya, nitasema machache. Ile inayonuka kama siki ikikauka inashika vizuri kwenye kioo na kigae, lakini huozesha baadhi ya metali na huweza kuharibu mawe kama marumaru halisi. Kwa hizo tafuteni iliyoandikwa kuwa haina asidi. Rangi haishiki juu ya silikoni yoyote ya kawaida. Ufa wa ukutani utakaopakwa rangi uzibwe kwa akriliki.

Sasa hema. Hapa nina mengi, kwa kuwa hema ndilo lililotufundisha tofauti ya kitu kinachofunguka na kisichofunguka kwenye mvua ya saa nane usiku.

Kwenye lebo ya hema kuna namba ya milimita, kwa mfano 1,500 au 3,000. Ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajaanza kupenya. Kwa paa, 1,500 huvumilia mvua ya kawaida. Sakafu inahitaji zaidi, kwa sababu goti la mtu likikandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa linayasukuma maji yaingie kwa nguvu. Letu lina 3,000 juu na zaidi ya hapo chini, na mvua ile haikuingia. Unyevu tulioukuta asubuhi ukutani ulikuwa pumzi zetu wenyewe. Watu wanne wakilala wamefunga kila dirisha, mvuke unagota kwenye kitambaa baridi na kugeuka matone. Wengi huandika kwamba hema lao linavuja kumbe hawakufungua matundu ya juu. Hema lenye ngozi mbili, ya ndani ya wavu na ya nje ya kuzuia mvua, linapunguza kero hiyo sana, na sitanunua la ngozi moja kwa familia.

Fito ndizo roho ya hema. Za fibaglasi ni za bei nafuu na nzito, na zikivunjika hupasuka kwa urefu na kutoa vinyuzi vinavyochoma vidole. Za alumini hupinda kwanza, na ukiinyoosha polepole unaweza kumaliza safari. Usiku ule upepo ulivunja ufito mmoja. Mfukoni mwa hema mlikuwa na kibomba kifupi cha alumini, kipana kidogo kuliko ufito. Mume wangu alikisogeza mpaka juu ya palipovunjika, akafunga tepu pande zote mbili, tukarudi kulala. Kibomba kile ni kidogo kuliko kidole changu na ndicho kilichookoa mapumziko yote. Kama hema mnalotaka halina, nunueni kando. Na ufito mmojammoja unauzwa, hata uzi wa mpira unaopita katikati yake unauzwa kwa mita.

Zipu ya mlango ilianza kuachana nyuma ya kishikio. Watu wengi huona zipu imekufa. Meno yake mara nyingi ni mazima. Kilicholegea ni kile kitelezi, na ukikibana kidogo kwa koleo pande mbili za nyuma kinashika tena. Kikishindwa kabisa, kinabadilishwa kitelezi peke yake. Angalieni namba mgongoni mwake, 5 au 8 au 10, ndiyo ukubwa wa zipu, na dukani wataitaka. Zipu za YKK ya Japani zina faida hiyo ya kupatikana karibu kila mahali, kwa hiyo nikiona herufi hizo kwenye begi au hema natulia.

Likirudi nyumbani hema likaushwe kabisa kabla ya kukunjwa, hata likionekana kavu. Utando wa poliyurethani ulio ndani ya kitambaa unavunjwa na unyevu wa muda mrefu, unaanza kunata na kunuka, na huo hautengenezeki. Letu tunalitandaza sebuleni siku nzima, watoto wanacheza ndani yake.

Chupa ya chai ya matembezi: chuma cha pua, ombwe katikati, kifuniko kinachotengana vipande vyote. Raba yake inatoka, inaoshwa, na raba ya akiba ilikuja ndani ya boksi. Sina la kuongeza, ni nzuri.

Sanduku za safari tulinunua mbili za aina tofauti. La kwanza magurudumu yake yamefungwa kwa skrubu ndani, ukifunua bitana unaziona. La pili yamepigwa ribiti, vipini vya chuma visivyofunguka kwa bisibisi. Katika safari ya ndege lile la pili ndilo lililotoka kwenye mkanda wa mizigo likichechemea, gurudumu moja limeng’oka na kipande cha plastiki. Hapa nawashauri kwa nguvu: msitoke uwanjani kabla ya kuandikisha. Kwa safari za kimataifa zinazoguswa na Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa yafike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Mama mkwe alikuwa amechoka na alitaka twende. Nilimwambia, “Mama, tukae dakika chache hapa, tukiondoka haki yetu inakuwa ngumu.” Akakubali, akakaa juu ya lile sanduku lisiloharibika. Tulipiga picha, tukajaza fomu, na shirika la ndege lililipia matengenezo. Fundi alilazimika kutoboa ribiti na kuweka boliti. Sasa sanduku hilo nalo linafunguka, na naliamini kuliko lilipokuwa jipya.

Kuna kimoja ambacho nakitaka kiwe kimefungwa kabisa, nacho ni pawabanki. Betri ya lithiamu iliyotobolewa au kuvimba inaweza kushika moto, na hapa fundi wa nyumbani akae mbali. Tulichonunua kina mAh 20,000, namba ya kiasi cha chaji kinachobeba. Kwa ndege kinachotazamwa ni wati-saa, kipimo cha nishati iliyomo: unazidisha 20,000 kwa volti 3.7, unagawanya kwa 1,000, unapata 74. Chini ya 100 kwa kawaida inaruhusiwa bila kuomba ruhusa, na lazima iwe kwenye begi la mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini. Chagueni ambayo hesabu hiyo imechapwa mgongoni kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu mkaguzi hatawafanyia hesabu. Kikianza kuvimba, kipelekwe panapopokelewa betri chakavu. Kiti cha gari cha mtoto nakiweka kundi hilohilo. Kikishapita kwenye ajali kubwa hakitengenezwi, hata kama hakina alama.

Kinachofuata nyumbani kwetu ni mashine ya kufulia, na hapa nimekaza kamba kabisa. Baadhi ya mashine pipa la nje limeunganishwa kwa joto, halifunguki, kwa hiyo beringi ikichoka hutoi beringi, unabadilisha pipa zima kwa bei inayokaribia mashine mpya. Nyingine pipa limefungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo. Ufaransa Januari 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji waweke alama kati ya 0 na 10 inayoonyesha urahisi wa kutengeneza vifaa kadhaa, mashine za kufulia zenye mlango wa mbele zikiwemo (kwa mashine hizo, tangu Aprili 2025 nafasi yake imechukuliwa na alama ya kudumu, ambayo hutazama pia urahisi wa kutengeneza), na mwaka huohuo wa 2021 Umoja wa Ulaya ulianza kuwadai watengenezaji wa mashine hizo wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 10. Alama zile zinasomeka mtandaoni na mtu yeyote, popote alipo. Nimeshaorodhesha tatu zinazotufaa. Kila muuzaji nimemuuliza maswali mawili, kama pipa linafunguka na kama raba ya mlango ipo stoo, na mmoja tu ndiye aliyeinuka akaenda kuangalia.