Aspects: nzuri kwa uchunguzi, isipelekwe App Store

Kazi yangu ni kutunza programu za iPhone zilizoandikwa zamani kwa lugha ya Objective-C, zile ambazo mwenyewe ameshaondoka na hakuacha maelezo yoyote. Chombo ninachokishika kabla ya vingine ni Aspects, maktaba (kodi iliyo tayari, ya kuongeza kwenye programu yako) ya bure ya Peter Steinberger iliyotoka mwaka 2014. Ni mafaili mawili tu, Aspects.h na Aspects.m. Unayaburuta ndani ya mradi, kazi inaanza.

Aspects inanasa methodi, yaani kipande cha kodi chenye jina, inapoitwa, programu ikiwa imewaka, bila wewe kugusa kodi ya mwenyewe. Katika Objective-C kila klasi, yaani kiolezo cha vitu vya programu, ina jedwali linaloonyesha jina la methodi linaelekea kwenye kodi ipi, na jedwali hilo hubadilishika hata programu ikiwa imeshawaka. Swizilingi ya kawaida, yaani kubadilisha methodi programu ikiwaka, hubadilishana anwani mbili, basi. Aspects huielekeza methodi kule zinakokwenda meseji zisizo na mpokeaji, inaisubiri huko, kisha inaendesha bloku yako, yaani kodi fupi uliyoipa, kabla ya methodi, baada yake au badala yake. Ukimaliza unaita remove na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kwa hilo peke yake ninaipenda.

Nilipewa programu ya kukata tiketi za basi. Kila abiria akiingia na kutoka kwenye skrini ya kuchagua viti, simu inazidi kuwa nzito. Nikanasa dealloc ya skrini ile, methodi inayoitwa kitu kinapofutwa kwenye memori, nikiweka bloku ya kuandika mstari kwenye konsoli itangulie, maana kwa dealloc Aspects hairuhusu vinginevyo. Jina la methodi inabidi uliandike kwa NSSelectorFromString, kwa sababu ARC, utaratibu wa Objective-C wa kutunza memori wenyewe, inakataa @selector(dealloc). Nikafungua skrini, nikaifunga, nikafungua tena. Konsoli kimya. Skrini haikuwa inafutwa hata moja. Zote zilikuwa zimerundikana kwenye memori. Aliyezishikilia ni NSTimer ya kuhesabu muda wa kulipia: taima inayojirudia humng'ang'ania mlengwa wake mpaka uizime kwa kuita invalidate, na hakuna mahali ilipoitwa. Mistari mitano ya Aspects ilinionyesha pa kuchimba ndani ya maelfu ya mistari ya mtu mwingine.

Sasa upande wa pili, na hapa sitanii. Usiiache ndani ya programu unayowapelekea watu. Ikiwa Aspects imeshanasa viewDidAppear: (methodi inayoitwa skrini ikionekana), halafu maktaba nyingine, tuseme ya takwimu za watumiaji, ikaja kubadilishana methodi hiyohiyo kwa njia ya kawaida, wito unafika kwa Aspects ukiwa na jina lile jipya. Aspects hailitambui, na programu inajifunga mikononi mwa mteja. Mpangilio ukigeuka, ya takwimu ikatangulia, mara nyingi mambo yanapita salama. Ndiyo maana hitilafu ya namna hii husumbua sana kuitafuta. Ahueni ni kwamba ripoti ya kuanguka itakuonyesha __ASPECTS_ARE_BEING_CALLED__ kwa herufi kubwa, huwezi kuipita bila kuiona. Laiti maktaba zote zinazochezea methodi za wenzao zingejitangaza hivyo!

Kasi pia iangalie. Njia hii ya kuzungusha meseji ni nzito, usiiweke kwenye methodi inayoitwa mara elfu kwa sekunde.

Steinberger mwenyewe ameandika kwenye maelezo ya maktaba, tangu 2019, kwamba hashauri kabisa itumike kwenye programu zilizo sokoni. Namheshimu sana kwa kulisema hilo juu ya kazi ya mikono yake. Mimi naiweka kwenye tageti ya majaribio peke yake, yaani toleo lisilokwenda kwa wateja, na ninayefanya naye kazi namwambia aiweke hapohapo.

Wanaoandika kwa Swift, lugha nyingine ya Apple, watapata kidogo: methodi isiyo na alama ya @objc dynamic (inayoiruhusu kubadilishwa programu ikiwaka) haishikiki, na struct, aina ya data isiyo klasi, ndiyo kabisa. Hao waitazame InterposeKit, ya Steinberger huyohuyo, ya mwaka 2020.