Mvumo wa magurudumu ya nyuma kwenye Toyota IST yangu: uzoefu wangu na fundi wa Tabata

Nilianza kuusikia nikirudi kutoka Morogoro. Chini ya spidi 40 gari kimya. Nikifika 50 mvumo unaanza kwa nyuma, na kadiri ninavyokanyaga mafuta nao unapanda, mpaka mama akaniuliza kama kuna kioo nimekiacha wazi.

Gereji ya kwanza walipiga jeki, wakaitikisa tairi mara mbili, wakasema shokapu zimekufa. Nikalipa 190,000 kwa shokapu mbili. Kesho yake mvumo uko palepale. Niliporudi wakaniambia basi ni tairi. Iliniuma sana, maana walikuwa wanabahatisha kwa hela yangu.

Jirani akanielekeza kwa huyu fundi wa Tabata. Swali lake la kwanza: "Dada, inaanza spidi ngapi?" Hakushika spana. Alikaa siti ya nyuma, tukatoka. Nilipofika 50 akaniambia niweke gia kwenye N. Mvumo haukubadilika, kwa hiyo injini haihusiki. Kisha barabara ilipokuwa tupu nikayumbisha usukani taratibu: nikienda kushoto mvumo unakua, nikienda kulia unakaribia kupotea. Akasema ni beringi ya nyuma kulia, yaani kile kifaa kinacholifanya gurudumu lizunguke laini, kwa kuwa gari likikata kushoto uzito unalalia upande wa kulia, na beringi iliyokwisha hupiga kelele ikibebeshwa mzigo.

Hata hivyo hakukimbilia kufungua. Tairi iliyolika kwa mawimbi hutoa sauti hiyohiyo, kwa hiyo alihamisha za nyuma mbele na za mbele nyuma, tukazunguka tena. Sauti ikabaki nyuma. Ndipo akaweka vigingi magurudumu ya mbele, akanyanyua nyuma, akashusha handbreki, akanishikisha mkono kwenye springi huku yeye akizungusha gurudumu. Upande wa kushoto, laini. Upande wa kulia nikahisi mkwaruzo kama kuna mchanga ndani. Na gurudumu lenyewe halikuwa na mchezo, yaani halikulegea, hata kidogo, ndiyo maana wale wa kwanza hawakuona kitu kwa kulitikisa.

Beringi ya nyuma ya gari hili inakuja pamoja na habu yake, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Alinituma maduka ya spea ya Shaurimoyo na ile ya zamani mkononi nilinganishe matundu ya bolti, akasisitiza nichukue mpya, kwa sababu ya mtumba huwezi kujua imetembea kilomita ngapi. Habu 130,000, ufundi 30,000. Wiki iliyofuata nimeenda Chalinze na kurudi, mama kalala njia nzima.

Kasoro ipo: anafanya kazi peke yake. Nilifika saa tatu asubuhi nikatoka saa kumi jioni, na hakuna hata benchi lenye kivuli. Ukienda, wahi, na uwe umeshaiangalia hiyo spidi ambayo sauti inaanzia.