Wageni wa The Last of Us: uzoefu wangu baada ya kuimaliza gemu kwanza

Naanza na onyo: humu nataja nani anakufa. Kama unapanga kuiangalia, ondoka sasa hivi, urudi ukimaliza.

Mimi niliingia kwenye tamthilia hii nikiwa najua kila kitu. Gemu ilitoka 2013 kwa PlayStation 3, nami niliicheza miaka kadhaa baadaye kwenye mashine ya mtumba aliyoinunua binamu yangu Kariakoo, ikiwa na pedi moja nzima na nyingine inayokuvuta kushoto yenyewe. Kwenye vibanda vya gemu vya mtaani kwetu huwezi kucheza gemu ya hadithi. Pale ni mpira tu, unalipa kwa mechi, na mgongoni umepangiwa watoto wanaokuhesabia dakika. Kwa hiyo safari ya Joel na Ellie, yule msichana ambaye kuvu linalogeuza watu kuwa mazimwi halimdhuru, niliicheza nyumbani, usiku, sauti chini. Niliimaliza mara tatu. Najua mlango upi una nini nyuma yake.

HBO walipoanza kuirusha Januari 2023, wenzangu waliomaliza gemu walikuwa wanaogopa isije ikaharibiwa. Mimi niliogopa kuchoka. Utamtishaje mtu anayejua Sarah, binti wa Joel, anafia wapi, Tess anabaki jengo gani, na Sam ataamkaje asubuhi? Nimeangalia sehemu zote 9 za msimu wa kwanza na zote 7 za msimu wa pili, na kilichoniweka kitini si Joel wala Ellie. Ni watu ambao kwenye gemu hawakuwepo kabisa, wametungwa kwa ajili ya televisheni, wengine wana dakika tano tu. Hao sikuwa na taarifa zao. Hao ndio walionirudishia hofu.

(Sisi wa vibanda umiza tusijifanye tunashangaa mtu kuongezewa mambo kwenye hadithi ya mwenzake. Tumekua na watafsiri wanaompa jambazi wa Hong Kong shangazi wa Mbagala.)

Chukua majirani, familia ya Adler. Kwenye gemu jirani ni Jimmy Cooper: anavunja mlango wa kioo akiwa ameshaambukizwa, Joel anampiga risasi, yamekwisha. Kwa hiyo mimi sehemu ya kwanza yote nimekaa nausubiri mlango wa kioo. Sasa Sarah anatoka shule anakwenda kwa jirani, Mama Connie anaoka biskuti, na yuko bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu, wanamwita Nana, haongei, hajitambui vizuri. Sarah anasimama kwenye kabati la DVD kuchagua filamu. Anazisoma moja moja, taratibu, mgongo kampa bibi. Na kule nyuma, picha ikiwa na ukungu kiasi kwamba unaweza usione, yule bibi anaanza kujikunja shingo na mdomo unafunguka. Sarah hana habari. Anachagua tu.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, nikadhani macho yangu. Ule mlango wa kioo niliousubiri haukuvunjwa na mtu. Walijua nitausubiri.

Sasa Jakarta. Hapa nina malalamiko kidogo, na si kwa tamthilia. Jamaa aliyeniwekea sehemu ya pili kwenye flashi aliniwekea faili lisilo na maandishi ya tafsiri. Inafunguka kwa mama mmoja mtu mzima anakula mgahawani, wanaingia watu wa serikali, wanamchukua. Ni Profesa Ratna, bingwa wa kuvu, na kila anayezungumza naye anamwita Ibu, ambayo kwa Kiindonesia ni mama, kama sisi tunavyosema Mama Ratna kwa mtu ambaye si mama yetu. Anaigiza Christine Hakim, mwigizaji mkubwa sana kwao. Wanazungumza Kiindonesia mwanzo mwisho, na mimi sina hata neno.

Nikaendelea tu. Nikamwona anachungulia darubini, anauliza kitu, anajibiwa, anasimama ghafla. Nikamwona amevaa yale mavazi ya kujikinga anaukagua mwili wa mwanamke, anaona jeraha la meno mguuni, anafungua mdomo wa maiti, na mle mdomoni vinyuzi vinatikisika. Anakimbia kutoka. Halafu wamekaa, yeye na afisa wa jeshi, na afisa anamweleza kwa sauti ya mtu anayeomba. Mama wa watu ananyamaza muda mrefu. Kisha anasema neno moja.

"Bom."

Hilo halikuhitaji maandishi. Nilikaa nalo gizani kwetu, feni inazunguka, nikamwambia mdogo wangu, "Huyu mama kasema bomu?" Akasema, "Ndiyo, kasema bomu."

Baadaye nilipata faili zima nikaelewa yote. Pale kwenye darubini alikuwa anashangaa kwa nini kioo kimeandaliwa kwa dawa inayotumika kwa sampuli za binadamu, akajibiwa kwamba sampuli imetoka kwa binadamu. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha unga na nafaka, jambo linalokurudisha kwenye zile biskuti za Mama Connie ukitaka usitake. Na afisa alikuwa anamwomba chanjo. Jibu lake ni kwamba dawa hakuna, chanjo hakuna, lipueni jiji na wote waliomo. Kisha akaomba apelekwe nyumbani akakae na familia yake. Akiondoka, humwoni tena.

Gemu nzima umembeba mtoto nchi nzima ya Marekani kwa sababu wapo watu wanaoamini kwamba dawa itapatikana. Watunzi wa tamthilia wamemleta mama mmoja, mapema kabisa, mtu pekee anayekijua kuvu kuliko wote, amwambie mtazamaji kwamba haipo. Ukifika sehemu ya mwisho, kwenye hospitali ambako Ellie anapelekwa ili dawa itafutwe kwake, sauti yake bado iko sikioni. Kwangu ndiyo dakika bora za tamthilia yote, na naziweka juu hata ya ile sehemu ya wapenzi wawili, Bill na Frank, ambayo kila mtu aliililia. Niliilia na mimi, sikatai.

Kansas City ndipo nilipogombana na binamu yangu. Kwenye gemu ni Pittsburgh, na watu wanaokuvamia pale hawana majina. Ni wawindaji. Niliwaua kwa mawe, kwa chupa, kwa misumari, na sikuwahi kujiuliza wanalala wapi. Tamthilia inaanza kulipiza hapohapo. Kijana anayepambana na Joel anapigwa risasi na Ellie, anaanguka, miguu haimsikii, na anaanza kujitambulisha. Jina langu ni Bryan, mama yangu hayuko mbali, tuelewane. Joel anamwambia Ellie apite upande wa pili wa ukuta. Halafu kelele zinakoma.

Bryan ana dakika moja, labda mbili. Nikakumbuka wale wote wa Pittsburgh ambao sikuwapa nafasi ya kutaja mama zao.

Kiongozi wao naye ametungwa: Kathleen, anaigiza Melanie Lynskey wa New Zealand. Binamu alisema hamwogopi, eti anaongea kama mwalimu wa chekechea. Nikamwambia ndipo ubaya wenyewe ulipo. Huyu mama ameongoza watu kuuangusha utawala wa FEDRA, mabaki ya serikali yanayotawala kijeshi, mjini, na sasa mji mzima kausimamisha kumtafuta mtu mmoja, Henry, kwa sababu Henry alimuuza Michael, kaka yake Kathleen, kwa FEDRA ili apewe dawa ya saratani ya damu ya mdogo wake, Sam. Anamhoji daktari mzee aliyemzalisha mama yake siku yeye anazaliwa, anamhoji kwa upole, kisha anakwenda kumpiga risasi.

Kuna onyesho amekaa kwenye chumba chake cha utotoni. Anasimulia kwamba yeye na kaka yake walipokuwa wadogo alikuwa anaogopa radi, na Michael alikuwa anamwambia chumba hiki ni sanduku zuri, hakiingii kitu. Kisha anasema kaka yake, akiwa kifungoni, alimwambia asamehe. Anayesikiliza ni Perry, mkono wake wa kulia, naye katungwa, na anamjibu kwamba Michael alikuwa mtu mkubwa lakini hakubadilisha chochote, wewe umebadilisha. Ni maneno ya kumfariji. Ndiyo yanayowaua wote wawili.

Maana Perry alishamwonyesha sakafu ya jengo moja imetitia na inapumua. Kathleen akamwambia waifunge tu, watashughulika nayo wakishampata Henry. Mimi nilipoona ile sakafu inapanda na kushuka nilisimama, kwa sababu kwenye gemu hakuna sakafu ile, na sikujua itafunguka lini. Ilipofunguka, walitoka kama siafu. Perry alinyofolewa kichwa na lile jitu lililovimba. Kathleen aliangushwa na mtoto, mtoto mdogo wa kike aliyegeuka kuwa Clicker, mwambukizwa kipofu anayewinda kwa sauti, Kathleen akiwa amebakiza sekunde kumpata Henry.

Malalamiko yangu kwa Perry ni kwamba wamemtupa. Jeffrey Pierce, anayemwigiza, ndiye sauti ya Tommy, mdogo wake Joel, kwenye gemu, na niliposikia ile sauti nilitega sikio nikijua kuna kitu kinakuja. Hakikuja. Anamfuata bosi wake mpaka kaburini na hatujui hata kwa nini anampenda hivyo. Na Kathleen mwenyewe sehemu mbili hazikumtosha. Anamwambia Henry kwamba watoto hufa, kila siku wanafa, dunia haimzunguki huyo mdogo wako mmoja. Ningemtaka mtu wa kumwambia Joel maneno hayohayo kule hospitali, anapoua watu ili amwokoe Ellie, lakini wa kuyasema ameshaliwa.

Msimu wa pili, ulioanza Aprili 2025, niseme kwa kifupi. Aliyetungwa ni Gail, mshauri nasaha wa Jackson, mji wa manusura anakoishi Joel, anayelipwa kwa bangi na anakunywa kuliko wateja wake. Catherine O'Hara anamwigiza kwa ufundi, sura yake peke yake inatosha. Lakini kazi aliyopewa ni ya mkalimani. Kwenye gemu Joel ananyamaza na wewe unaachiwa ule ukimya uuhangaikie. Humu kila Joel akinyamaza, kuna mtu amewekwa amuulize kwa nini amenyamaza. Nilichoka. Pale alipomwambia Joel usoni kwamba anajua hakuwa na njia nyingine ila kumuua mumewe Eugene, na bado hawezi kumsamehe, hapo nilikubali. Na sehemu ya sita inapokuonyesha yaliyotokea kule ziwani, ahadi iliyotolewa na risasi iliyofuata, unaona kwa nini Gail hakuweza kumsamehe. Vikao vyake vilivyobaki ungeweza kuviruka ukapike ugali, ukirudi hujapitwa.

Kwa ujumla naupa nyota nne na nusu msimu wa kwanza, tatu wa pili. Bando litakalokwenda ni kubwa, kwa hiyo shusha usiku. Na hakikisha maandishi ya tafsiri yapo.

Nilikuwa nimesahau wazee wa kwenye theluji, na Mama hatanisamehe.

Mama yangu hapendi hivi vitu, anaviita mashetani ya uyoga. Sehemu ya sita alikuwa anapita tu sebuleni na beseni la nguo, akamkuta Joel amemnyooshea bunduki mzee mmoja ndani ya kibanda, kule Wyoming. Ni Marlon, anaigiza Graham Greene. Anarudi na sungura aliowawinda, anamkuta mgeni ana bunduki sebuleni kwake, na mke wake Florence, anaigiza Elaine Miles, hatishiki. Ameshampikia mgeni supu. Wanaulizwa njia, wanaoneshwa ramani, na wanaanza kubishana wao kwa wao. Joel anaomba ushauri, njia nzuri ya kwenda magharibi ni ipi, na mzee anamjibu: nenda mashariki. Florence analalamika kwamba yeye hakutaka kabisa kuja kuishi huku porini.

Mama akaweka beseni chini. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Hawa ndio watu," akasema. Mambo mengine hakuyajali, hata Joel anapotoka nje ya kibanda na pumzi inamkata ghafla, hakumwangalia. Alikuwa anawasubiri wale wazee warudi.

Hawakurudi. Wana onyesho lile moja tu. Lakini kila nikifungua kompyuta wiki zile alikuwa anauliza kutoka jikoni, "Wale wazee wameshatokea?" Namjibu bado, Mama.

Graham Greene alipofariki Septemba 2025 nilimwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na mke wake?"

Nikasema, "Mama, yule hakuwa mke wake wa kweli."

"Najua, mwanangu. Namuuliza yule wa kwenye theluji."