Vitafunwa nilivyopanda navyo Kilimanjaro: vipi vinalika kule juu na vipi utavishusha kama vilivyo

Kila nikisema nilipanda mlima watu wanauliza viatu, wanauliza jaketi, wanauliza hela ya geti, hamna hata mmoja anayeuliza ulikuwa unatafuna nini njiani, na kiukweli hapo ndo watu wengi wanapoishiwa nguvu. Chakula cha kambini kipo na wapishi wa mlimani wanajua kazi yao, ila kati ya uji wa asubuhi na msosi unaofuata kuna masaa kibao ya kupandisha na hapo unaishi kwa kilichoko mfukoni mwako basi. Mi nilipita njia ya Machame, kundi letu ni watu wa Dar na ndugu zetu wawili wa Unguja, sasa jaribu kufikiria begi la vitafunwa lilivyokuwa, kila mtu kaja na cha kwao na kila mtu anaamini chake ndo chenyewe.

Nianze na hili maana bila hili maksi zangu hutazielewa. Geti la Machame liko kwenye mita kama 1,800 na Uhuru, kilele chenyewe, ni mita 5,895, na huko katikati hamu ya kula inakata. Sio kwamba huna njaa, tumbo linadai, ila kitu ukikiona tu unageuza uso. Mimi ambaye nyumbani najulikana, sufuria likifunuliwa nimeshafika, pale Lava Tower, lile jabali la njiani kwenye mita 4,600 hivi, niliangalia kuku wa kukaanga nikasema mpeni mwingine. Halafu unapumulia mdomo muda wote, hewa yenyewe kavu, mate hamna, kwa hiyo kitu kikavu hakimezeki hata ukilazimisha. Na la tatu, vitu vya mafuta mengi vinakaa tumboni muda mrefu, wakati sukari na wanga vinakupa nguvu kwa oksijeni kidogo kuliko mafuta, na oksijeni ndo hiyo hiyo kule hamna. Kwa hiyo ukisoma hizi hesabu za kalori kwenye paketi, karanga zina kama 560 kwa gramu 100 na tende 280 hivi, usikimbilie kusema basi karanga zimeshinda. Kalori iliyobaki kwenye begi haimpandishi mtu.

Korosho na karanga basi. Siku ya kwanza msituni ni raha tupu, njia ina miti, kuna ukungu, mnapiga stori, unachota kiganja unatafuna. Siku ya pili mpaka kambi ya Shira bado zinakwenda ila ushaanza kuchagua chagua. Baada ya hapo mimi nilikuwa nazibeba tu. Nafikiri ni ule utafunaji, unatafuna huku unahema unapaliwa, na chumvi inaongeza kiu. Kama unazipenda sana zisagwe na sukari kidogo uwe unalamba na kijiko, mwenzetu mmoja alikuja na kopo la siagi ya karanga na kijiko kakifunga kamba shingoni, tukamcheka getini, kambi ya Barranco tulikuwa tunapanga foleni kwake.

Kashata sasa, hapa nina maneno. Kashata ya karanga ni nzuri, inakaa, haivunjiki ovyo, sukari ipo ya kutosha, tatizo baridi ikiingia inakuwa ngumu balaa, mwenye jino bovu asijaribu, unaivunja kwa jiwe vipande vidogo unakaa nacho kimoja shavuni kinayeyuka taratibu. Ukiila hivyo ni bonge la kitu. Ila kashata ya nazi, ile nyeupe na pinki ambayo mimi nyumbani ndo naipenda kuliko zote, kule juu imeniangusha kabisa. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, sasa fikiria asubuhi ya Barranco hata nyuzi 5 hazifiki, unaweka mdomoni yale mafuta yanabaki yamegandia juu kwenye kaakaa kama mshumaa, mpaka unywe chai ya moto ndo yanaachia. Kula siku ya kwanza, ikibaki wape watu.

Ndugu zetu wa Unguja walileta vileja, visheti na ladu. Vileja nawaonea huruma waliovipika maana vilikuwa vizuri, unga wa mchele, iliki, samli ya ukweli, ila vile vinavunjika hata ukivitazama vibaya na walimpa mgumu, yaani mpagazi, avibebe kwenye begi kubwa, tulivyofungua Machame Camp ilikuwa ni unga mtupu. Hatukutupa, tuliumwagia kwenye uji asubuhi na niwaambie ukweli ule uji ulikuwa mtamu kuliko wote wa safari nzima. Visheti vyenyewe ni vigumu, vyepesi, vimekaushwa na sukari juu, vinastahimili kugongwa gongwa, unatia mfuko wa jaketi unatembea navyo. Mpaka kambi ya Karanga nilikuwa bado navila. Naipa visheti nane kwa kumi, zile mbili nimetoa sababu ya ukavu, lazima uwe na maji mkononi. Ladu nazo safi, zina tangawizi na pilipili manga zinapasha kifua, ila moja inashibisha sana, ukila mbili unataka kulala na gaidi, yaani yule anayewaongoza njia, hataki kusikia habari za kulala.

Halua jamani. Mtu alibeba kifumbu kizima cha halua, kutoka Unguja mpaka Moshi, boti na basi. Kambi ya kwanza tulikula na kahawa nikasema hapa tumefika. Kambi ya pili samli ishaganda, kisu kinaingia kwa shida, ukitafuna inavutana na meno na haishi. Baada ya hapo ikawa mzigo tu. Halua ibaki hotelini Moshi mtakula mkishuka, na mkishuka mtaila kwelikweli.

Tende ndo hazinaga makuu. Nilinunua zile laini, nikatoa kokwa zote nyumbani, nyingine nikatia korosho moja ndani. Hata usiku wa kwenda kileleni, ule mnaoondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku na mnatoka mita kama 4,670, tende zilikuwa zinatafunika, zinakaza kidogo ila hazigandi zikawa jiwe kwa sababu ya sukari iliyomo. Siri ni kuziweka mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili. Na ule usiku usitegemee kufungua paketi, vidole havifanyi kazi, umevaa glavu mbili, gaidi wetu alikuwa anapita kila tukisimama, "dada, fungua mdomo," anakuwekea tende kama mtoto, unatafuna, mnaenda. Sijui ningefikaje Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, bila hizo tende na glukosi. Glukosi ni ile ya unga ya boksi inayouzwa famasi na madukani, changanya na maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, sio kwenye ule mfuko wa maji wa mgongoni wenye mpira wa kunyonyea maana ule mpira unaganda mapema sana na hapo ndo basi tena, maji unayo mgongoni na huyapati.

Sasa nije kwa bingwa, na najua kuna watu watabisha. Ubuyu. Ule ule wa Zanzibar mwekundu, wenye sukari, iliki na pilipili kwa mbali. Nilinunua kwa ajili ya basi tu, wala sikuuweka kwenye hesabu ya vitafunwa vya mlimani, ila pale Lava Tower kichwa kinagonga, kuku nimemkataa, mkate nimeukataa, nikatia mkono mfukoni nikakuta pakiti ya ubuyu imebaki nusu. Ile chachu bana! Mate yakarudi mdomoni hapo hapo, na mate yakirudi unaweza kumeza kitu kingine, nikala ndizi, nikala na nusu ya mkate. Toka hapo ikawa ndo dawa yangu, mbegu tatu nne za ubuyu kwanza ndo nakula. Na unanyonya tu, hutafuni, kwa hiyo unapanda huku unanyonya na pumzi yako haikatiki, mbegu moja inakaa shavuni dakika nyingi. Ule ukuta wa Barranco, ambao mikono yote iko kwenye mawe, mimi niliupanda na ubuyu shavuni. Wazungu wa kundi la nyuma yetu waliniona nina vidole vyekundu wakadhani nimejikata, mmoja akaja na plasta, nikamgawia pakiti akanywea, alivyoonja akakunja sura halafu akarudi kuomba tena.

Mapungufu yapo. Rangi inachafua, glavu zangu za kijivu mpaka leo zina madoa. Mbegu usiteme njiani, ni hifadhi ile, weka karatasi mfukoni uzitie humo ushuke nazo. Ukwaju wa vidonge, ule uliochanganywa na sukari na pilipili, unafanya kazi ile ile na pengine zaidi, ila ukwaju unalainisha tumbo, na aliyewahi kutoka hemani usiku Barafu kutafuta choo kwenye lile jabali na upepo ule anajua ninachosema. Kimoja kwa siku, kinatosha.

Zile baa za kigeni za nguvu, za maboksi ya kung'aa, nilinunua chache ili nisije kulaumiwa. Bei ya moja unapata kashata na ubuyu wa watu watatu. Chini zina ladha nzuri, juu zinakuwa kama zimetoka friza, unang'ata huoni hata alama ya jino. Chokoleti nayo vivyo hivyo, na kwa anayetoka Dar kwa basi itakuwa ishayeyuka Chalinze kabla ya kuganda tena Shira. Pipi za kawaida za tangawizi na pipi kifua zinashinda hizo zote, nyepesi, za bei chee, zinafungua pua.

Vitu vitamu vya baada ya chakula cha usiku nimeviweka mwisho sababu hapo inategemea mpishi wako. Kawaida watawapa matunda, tikiti siku za mwanzo, embe, ndizi, na mkifika kambini jioni kuna bisi na chai, bisi zile usizidharau. Ila sisi tulienda na tambi zetu. Tukamwambia mpishi, mangi, hizi ni za sukari sio za nyama, akatuangalia. Tambi nyembamba, zinakaangwa kwanza na samli kidogo zipate rangi, unatia maji, sukari, iliki, zabibu kavu, mwishoni maziwa ya unga. Uzuri wake ni kwamba zinaiva haraka. Kule juu maji yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 90, ndo maana usimwambie mtu akupikie maharage, gesi itaisha yakiwa bado yanagonga, lakini tambi nyembamba hazina habari hiyo. Usiku wa Karanga kila mtu alikuwa amesukuma sahani ya wali, zilivyokuja tambi za moto zinanukia iliki sufuria likarudi jeupe. Mpishi alikuja kuuliza vipimo, akaandika kwenye boksi la majani ya chai.

Mambo ya ufungaji msipuuze. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini toka tarehe 1 Juni 2019, na hifadhini hawataki zile chupa za maji za kutumia mara moja, na taka zenu zinapimwa kwenye mizani, kwa hiyo mapaketi mengi ni kesi ya bure. Mi natoa kila kitu kwenye paketi yake nyumbani, natia kwenye mifuko midogo ya kaki au kopo lenye mfuniko, mfuko wa siku moja kando na wa siku nyingine, usichanganye, maana ukichanganya vizuri vyote vitaisha Shira. Kopo linasaidia pia kwa kunguru. Wale wenye shingo nyeupe nyuma, wakubwa, midomo minene, wako kambini kila mahali na hawaogopi mtu, mmoja alichomoa mfuko wa visheti kwenye begi lililoachwa wazi mbele yetu akaenda nao juu ya jiwe akawa anakula anatuangalia.

Na mnapopima, pimeni na cha wagumu. Hao jamaa wana kilo 20 mgongoni na wanawapita kama mmesimama, mfuko mmoja wa kashata za karanga ukae pembeni kwa ajili yao toka siku ya kwanza, sio yale mabaki ya halua ya siku ya mwisho ambayo hata nyie mmeyakataa.

Kwa anayenunulia Moshi, soko la Mbuyuni utapata karanga, ndizi na pipi bila shida, lakini ubuyu mzuri na visheti njoo navyo toka Dar au Unguja. Na huo ubuyu chagua wa pilipili kidogo, siku ya kilele midomo inakuwa ishapasuka na baridi na pilipili itakukumbusha kila ufa uliopo.