Kipima oksijeni ya ubongo: chukua cha chaneli nne

Wauzaji husema chaneli mbili zinatosha, sensa moja kila upande wa paji la uso. Kwa upasuaji wa kawaida wa moyo, sawa. Kwa mgonjwa aliyewekewa ECMO (mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha) kupitia mshipa na ateri ya paja, chaneli mbili ni nusu ya kazi.

Mashine hupandisha damu kwenye aota kutoka pajani, moyo nao hushusha ya kwake, na zinakutana njiani. Moyo ukianza kupata nguvu huku mapafu bado mabovu, kichwa hupata damu yenye oksijeni haba wakati miguu ina ya kutosha. Pulsoksimita (kibanio kinachosoma oksijeni kwa kufuata mapigo) ya mguuni itasoma 99 na wodi nzima itatulia bure. Ivalishe mkono wa kulia, na sampuli ya gesi za damu itoke mkono huohuo. Kipima oksijeni ya ubongo kina faida moja kubwa: hakihitaji mapigo ili kisome. Namba ya paji la kulia ikishuka peke yake, shuku kwamba damu zinakutania kwenye upinde wa aota.

Chaneli mbili nyingine ziende nyuma ya miguu, chini ya goti. Kanula (mrija wa mashine) ya Fr 17 (Fr ni kipimo cha unene wa mrija) huweza kuziba ateri ya paja, ndiyo maana huwekwa kijikanula cha Fr 6 hadi 8 cha kulisha mguu. Namba ya mguu wenye kanula ikiwa chini ya ya mwenzake kwa zaidi ya pointi 15, kagua kwanza kijikanula hicho: kimejikunja au kina bonge la damu?

Chukua kipimo cha mwanzo kabla ya kuwasha mashine. Ukianza na 68, basi 54 tayari ni anguko la asilimia 20. Kabla ya kuongeza mtiririko, tazama kaboni dioksidi: gesi ikifunguliwa mno kwenye oksijeneta (sehemu ya mashine inayotia damu oksijeni na kuondoa kaboni dioksidi), kaboni dioksidi hupungua, mishipa ya ubongo hujibana na namba huanguka. Damu ikizimuliwa, vilevile. Baadhi ya vifaa husoma chini kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo fuata badiliko kuliko namba. Figo na utumbo kifaa hakivioni kabisa. Huko tegemea mkojo na laktati (kemikali ya damu inayopanda viungo vikikosa oksijeni).

Kwa hospitali za Dodoma, uliza bei ya sensa kabla ya bei ya kifaa, maana ni za kutumia mara moja: boksi la kumi ni wagonjwa wawili na nusu. Vumbi na jasho huzibandua. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, ndipo ubandike. Na betri ijaribiwe kwa kuchomoa waya ukutani, muuzaji akiwa bado yupo.